Dawa za kifafa na uzazi wa mwanaume: swali lisiloulizwa kliniki

Mwanaume anayeacha dawa za kifafa kwa sababu ya mambo ya chumbani haagi mtu. Hamwambii daktari wala nesi anayempa vidonge vya mwezi, na mara nyingine hata mkewe hajui. Anaruka dozi moja, anahisi nafuu au anadhani ameihisi, anaruka na ya pili. Siku chache baadaye anaanguka sokoni au karibu na jiko la mkaa, na nyumbani wanasema ugonjwa umemrudia.

Haukuwa umeondoka. Dawa ndiyo iliyokuwa imeushika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakichunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Kukatisha dawa ghafla, hasa fenobabitoni, kunaweza kuleta degedege la mfululizo lisilokatika, na hilo huua. Kwa hiyo malalamiko ya wanaume hawa yasikilizwe mapema, kabla hawajajiamulia wenyewe.

Je, yana ukweli? Yanao, ila si kwa kila dawa wala kwa kila mtu. Tena lugha yetu ya mtaani hutia kila kitu kwenye kapu la “nguvu za kiume”, wakati hamu ya tendo la ndoa ni jambo moja, uume kusimama ni jingine, na ubora wa mbegu ni jambo la tatu. Mtu anaweza kuwa hodari kitandani na mbegu zake zikawa chache. Mwingine mbegu zake ni nzima kabisa lakini hamu hana.

Tuanze na dawa za zamani. Fenobabitoni ilianza kutumika mwaka 1912, na kwa kuwa bei yake ni ndogo bado ndiyo tegemeo la wagonjwa wengi. Pamoja na fenitoini na kabamazepini, ambayo wengi huiita Tegretol, huchochea ini litengeneze vimeng'enya kwa wingi. Vimeng'enya hivyo huvunjavunja testosteroni, homoni inayobeba hamu na kusaidia utengenezaji wa mbegu, kwa kasi kuliko kawaida. Papo hapo ini huongeza protini inayoikamata homoni hiyo ndani ya damu, na iliyokamatwa sana na protini hii haifanyi kazi.

Hapo ndipo kipimo kinapoweza kumdanganya hata daktari. Maabara ikipima jumla ya testosteroni, jibu linaweza kurudi “kawaida” huku mgonjwa akiendelea kulalamika. Ni kama pesa iliyo kwenye akaunti iliyofungiwa: salio linasomeka, lakini chumvi hununui. Kinachotakiwa kujulikana ni kiasi cha homoni iliyo huru, na damu ichukuliwe asubuhi, wakati homoni hii huwa juu.

Valproeti, ambayo baadhi huijua kwa jina la Epilim, ina njia nyingine. Imehusishwa na mbegu kupungua idadi, kuogelea kwa uvivu na kuwa na maumbile yasiyo sawa. Maelezo mojawapo ni kwamba hupunguza kanitini mwilini, kitu ambacho mbegu hukihitaji ili zipate nishati ya kutembea. Habari njema ni kwamba kuna wanaume ambao mbegu zao zilirudi katika hali nzuri baada ya daktari kupunguza au kubadilisha dawa. Subira inahitajika, kwa sababu mbegu moja huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa. Anayebadilisha dawa leo asikimbilie kupima wiki ijayo.

Dawa hiyohiyo imezua mjadala mwingine Ulaya. Kwa wajawazito hatari yake inajulikana siku nyingi: huweza kuleta kasoro za kimaumbile kwa mtoto na kudumaza ukuaji wa akili yake. Januari 2024 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa tahadhari kuhusu akina baba pia. Takwimu zilionyesha matatizo ya ukuaji wa ubongo kwa watoto wapatao 5 kati ya 100 waliozaliwa na wanaume waliotumia valproeti katika miezi mitatu kabla ya mimba kutungwa, dhidi ya watoto 3 kati ya 100 kwa waliotumia lamotrijini au levetirasetamu. Mwaka huohuo utafiti wa Denmark haukuona ongezeko hilo. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu ya kupanga uzazi pamoja na daktari, na wala si sababu ya kumtisha baba ambaye tayari ana watoto wazima wanaokimbia uani.

Dawa nayo isibebeshwe lawama zote. Kifafa chenyewe, hasa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, kinaweza kuvuruga amri ambazo ubongo hutuma kwenye korodani. Sonona hupunguza hamu, na hofu ya kuanguka mbele ya mwenza huipunguza zaidi. Halafu kuna aibu iliyopewa hata uzito wa kisheria: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka kifafa kinachojirudia, wakati wa kufunga ndoa, miongoni mwa sababu za kuiomba mahakama ibatilishe ndoa. Mtu aliyeoa akiuficha ugonjwa wake ataanzaje kumweleza daktari yanayomsibu kitandani?

Atakayepata ujasiri wa kuuliza ajue kwamba kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko kinavyoogopwa. Unakaa siku mbili hadi saba bila kumwaga, kisha unatoa sampuli kwenye kikopo safi cha hospitali. Ukiitolea nyumbani, usitumie kondomu ya kawaida wala mafuta, maana huweza kuziua mbegu. Ifikishe maabara ndani ya saa moja ukiwa umeiweka karibu na mwili, mfuko wa ndani wa shati unatosha. Jibu moja baya halitoshi kumkatia mtu tamaa, kwani hata homa ya mwezi uliopita huweza kuliharibu. Kipimo hurudiwa.

Kwenye tiba, daktari anaweza kupunguza dozi au kumhamishia mgonjwa taratibu kwenye lamotrijini au levetirasetamu, ambazo kwa jumla haziigusi sana homoni ya kiume. Tatizo ni kwamba haziko kila kituo na bei yake huuma. Pale ambapo hazipatikani bado kuna la kufanya: kutibu sonona, kuchunguza kisukari na presha, kupunguza pombe. Za kukaa nazo mbali ni zile dawa za nguvu zinazouzwa vichochoroni kwa jina la mitishamba. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta baadhi yake zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, na mwenye kifafa hana namna ya kujua zitagongana vipi na vidonge vyake.

Wahudumu nao wana la kujibu. Mwanamke mwenye kifafa huulizwa, walau pengine, kama ana mpango wa kushika mimba. Mwanaume hukabidhiwa vidonge na tarehe ya kurudi, basi. Swali moja tu, “mambo ya nyumbani yanaendaje?”, lingewarudisha wengi kwenye dawa.

Ndugu msomaji, kama hayo yanakuhusu, nenda na vidonge vyako vyote kliniki, umwombe daktari mzungumze faragha, na mke aje kama mmeelewana. Mpaka siku hiyo, dozi ya leo jioni inywe kama ilivyoandikwa.