Mizizi, Chumvi na Chokaa: Kuyatunza Magofu ya Mombasa

Jumba la Mtwana ni magofu ya mji wa Waswahili ulioko kaskazini mwa hori ya Mtwapa, kilomita zipatazo 15 kutoka kisiwa cha Mombasa. Mji huo ulistawi karne ya 14 na kuhamwa karne ya 15, ukamezwa na msitu hadi James Kirkman alipoufukua mwaka 1972. Leo nyumba na misikiti yake, iliyosimama kati ya mibuyu na bahari, iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tumbawe likichomwa hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi hutoa kabonidioksidi. Kinachobaki humwagiwa maji, kikafoka na kulainika kuwa chokaa. Ikishapakwa ukutani, chokaa hiyo huvuta tena kabonidioksidi kutoka hewani na kurudi polepole kuwa jiwe.

Ndege akidondosha mbegu ya mkuyu juu ya ukuta, mizizi hupenya kwenye nyufa kufuata unyevu, hunenepa na kuyatenganisha mawe. Hata hivyo, kuung'oa mti uliokomaa ni hatari, kwani mara nyingi mizizi hiyohiyo ndiyo inayoushikilia ukuta. Hukatwa matawi kwanza, kisiki kikaachwa kife, kisha mizizi hutolewa kidogokidogo huku mapengo yakizibwa kwa mawe na chokaa.

Saruji nayo huharibu. Ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yenye chumvi yanayopanda kutoka ardhini hukosa njia, yakatokea kwenye jiwe lenyewe. Yakikauka, chumvi huganda kuwa fuwele na kulimenya jiwe. Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zilizopigwa lipu ya saruji hupatwa na maradhi hayohayo, ndiyo maana waashi wa majengo ya kale hurudia chokaa.

Wageni wanatakiwa kufuata njia na kutopanda kuta, kwa kuwa nyayo hulegeza mawe ya juu na kufungulia mvua mlango. Kwingine magofu bado ni mahali pa kuombea. Kwenye Mnara wa Mbaraki, uliojengwa kisiwani karibu mwaka 1700, watu wamekuwa wakipeleka ubani na marashi. Hapo utunzaji hauna budi kuwahifadhia watu hao nafasi yao pamoja na mawe.