Marehemu Profesa Odhiambo na Siri za Wadudu

Nzige dume wa jangwani, atokapo katika utoto na kupata mabawa, hawi mpevu papo hapo. Akiwa katika kundi, hukaa siku kadhaa na rangi ya waridi, kisha hugeuka manjano na kuanza kutafuta jike. Katika miaka ya 1960, Mkenya aliyekuwa akisoma Cambridge, Uingereza, aliwaondolea madume wachanga tezi mbili ndogo mno zilizo nyuma ya ubongo. Madume hao hawakugeuka manjano, wala hawakujali majike. Walipopandikizwa tezi nyingine, walipevuka. Homoni itokayo katika tezi hizo ndiyo iliyokuwa ikiwakomaza.

Mtafiti huyo alikuwa Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno na Makerere, na kufariki dunia tarehe 26 Mei 2003.

Mwanafunzi aweza kuuliza: tezi ya nzige yamfaa nini mkulima? Odhiambo alishikilia kwamba kumnyunyizia mdudu sumu bila kuyajua maisha yake ni kazi isiyokwisha. Chukua mfano wa mbung'o. Jike wake hatagi mayai mamia kama nzi wa nyumbani; humlea buu mmoja tumboni, akimlisha maziwa ya tezi, na kumzaa akiwa tayari kujifukia udongoni. Kiumbe mwenye uzazi haba namna hii ana udhaifu ambao mtafiti aweza kuutumia.

Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kijulikanacho kwa jina la ICIPE. Mabingwa wa vyuo vya ng'ambo walifika kwa vipindi kuongoza utafiti, na vijana waliokaa hapo wakaifanya kazi ya kila siku. Mwaka 1983 ukaanza mpango wa kuwafunza Waafrika shahada ya udaktari wa sayansi ya wadudu humu humu barani. Nishani alipata, na Akademia ya Sayansi ya Afrika aliiongoza tangu ilipoundwa mwaka 1985. Lakini wanafunzi hao ni urithi mkubwa zaidi.

Kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, sasa chaitwa kwa jina lake. Huko wakulima huyazungushia mahindi yao matete. Nondo wa viwavi watoboao mabua huvutwa na matete, hutaga humo, na viwavi wachanga wakijaribu kutoboa hunaswa na utomvu wake.