Kalemie: Namna ya kuchagua vantilateri ya dari kwa chumba cha kulala bila kupoteza makuta

Kila mwaka, mwezi wa kenda unapofika na mvua bado haijashuka, usiku wa Kalemie unakuwa mrefu. Mabati yaliyopigwa na jua mchana kutwa yanaendelea kutoa joto hadi saa sita za usiku, na hewa ya ziwa Tanganyika haifiki ndani ya kila chumba. Watoto wanalia, wazazi wanageuka kitandani, na wengi wanafanya jambo moja ambalo waganga hawachoki kulikataza: wanainua chandarua wakitafuta hewa.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Kufuatana na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni inchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Mtu anayelala nje ya chandarua kwa sababu ya joto anaweza kulipa dawani pesa nyingi kuliko zile ambazo angenunulia chombo cha kupepea chumba chake. Kwa hiyo vantilateri ya dari, ile ambayo ndugu wa Kigoma wanaiita pangaboi, si mapambo ya matajiri tu. Kwa wakaaji wa Kalemie, Uvira, Kindu au Kisangani, inaweza kusaidia jamaa kulala ndani ya chandarua hadi asubuhi.

Kwa Goma na Bukavu mambo ni mengine. Miji hiyo iko juu sana, kwenye karibu metre 1500, na usiku watu wanatafuta blanketi. Lakini kando ya Tanganyika, ambako maji ya ziwa yako kwenye metre zaidi kidogo ya 770, na chini zaidi kuelekea mto Kongo, swali la vantilateri linarudi kila mwaka. Shida ni kwamba magazini zinauza za kila aina, zenye rangi nzuri na bei zinazopishana sana, na mnunuzi hajui atazame nini.

Vantilateri haipozi hewa

Jambo la kwanza la kuelewa: vantilateri haishushi joto la chumba. Inasukuma hewa juu ya ngozi, jasho linakauka upesi, na mwili unasikia baridi kidogo. Ndiyo maana kuiacha ikizunguka ndani ya chumba kisicho na mtu ni kutupa umeme bure. Ndiyo maana pia dirisha lenye wavu, likiachwa wazi jioni wakati hewa ya inje imepoa, linaongeza nguvu ya vantilateri kuliko kuongeza mwendo wake.

Tofauti yake na klimatizeri iko katika umeme. Klimatizeri ndogo inaweza kuomba karibu wati 900 wakati inafanya kazi. Vantilateri ya dari ya kawaida inaomba kati ya wati 60 na 80. Ikiwa ni ya wati 70 na inazunguka saa nane kila usiku, inakula kilowati-saa 0,56, yaani karibu 17 kwa mwezi mzima. Jamaa nyingi zinazolipa umeme zinaweza kubeba mzigo huo.

Kipimo cha chumba kwanza, rangi baadaye

Wanunuzi wengi wanaanza na rangi na idadi ya mapanga. Mafundi wanaanza na metre ya kupimia. Upana wa vantilateri unahesabiwa kwa duara ambalo mapanga yanachora yakizunguka. Nyingi zinazouzwa ni za santimetre 120 au 140, na kwenye karatoni huandikwa milimetre 1200 au 1400, ama inchi 48 au 56.

Kwa chumba cha kulala cha metre tatu kwa tatu, au tatu kwa nne, ile ya santimetre 120 inatosha kabisa. Ya 140 inafaa kwa chumba cha metre nne kwa tano au kwa sebule. Kwa chumba kidogo zaidi, ya santimetre 90 inaweza kufanya kazi. Kununua kubwa kupita chumba si faida: upepo unakuwa mkali, karatasi zinaruka, na chandarua hakitulii.

Urefu wa dari ni muhimu vilevile. Mapanga yanapaswa kuwa juu ya sakafu kwa metre 2,30 angalau, na yasibanane na dari. Nafasi ya santimetre 20 hadi 30 inayaruhusu kuvuta hewa vizuri. Maana yake, nyumba yenye dari ya metre 2,40 haifai kwa vantilateri ya dari. Hapo heri kununua ya ukutani au ya kusimama. Ni hivyo pia kwa chumba chenye vitanda vya ngazi, ambako mtoto wa juu anaweza kuinua mkono na kukutana na mapanga.

Idadi ya mapanga isimsumbue mnunuzi. Vantilateri ya mapanga matatu inaweza kusukuma hewa nyingi kuliko ya matano. Kinachofanya kazi ni nguvu ya mota, upana wa panga na namna lilivyopinda. Kama karatoni inaonyesha kiasi cha hewa kwa dakika, hiyo ndiyo namba ya kulinganisha kati ya vantilateri mbili za bei moja.

Ndani ya mota kuna nini

Bei ya chini sana mara nyingi inajificha ndani ya mota. Mota nzuri imezungushiwa waya za shaba. Nyingine zimezungushiwa aliminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, jambo la kuchekesha kwa jimbo la Tanganyika lililo jirani na migodi ya shaba ya Katanga. Aliminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inapata moto zaidi, na mota inachoka mbele ya wakati wake.

Mnunuzi hawezi kufungua mota magazini. Lakini anaweza kuinyanyua. Kati ya mbili za upana mmoja, ile nyepesi sana inapaswa kuulizwa maswali. Anaweza pia kuizungusha kwa mkono: inapaswa kuzunguka polepole hadi isimame yenyewe, bila kukwaruza na bila kuchezacheza. Kelele ya kukwaruza inaonyesha kwamba gololi zilizo ndani ni mbaya au hazina mafuta.

Jambo la tatu ni kuomba iwashwe palepale. Muuzaji wa kweli hatakataa. Iachwe dakika kumi kwenye mwendo wa juu, kisha kwenye mwendo wa chini kabisa. Mota kupata uvuguvugu ni kawaida. Harufu ya kuungua, au mlio wa kunguruma usioisha kwenye mwendo wa chini, ni alama ya kurudisha pesa mfukoni.

Mwisho, asome karatasi iliyobandikwa juu ya mota. Umeme wa inchi yetu ni volti 220 na hertzi 50. Vyombo vingine vilivyotumika, vinavyotoka Marekani, vinaomba volti 110 na hertzi 60. Kuvichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Kalemie ni kuvichoma. Kama hakuna karatasi yoyote inayoonyesha volti na wati, heri kuiacha, hata ikiwa bei ni ya kuvutia.

Umeme wenyewe ni wa namna gani?

Kalemie inapata umeme wa SNEL kutoka kituo cha Kyimbi, kule Bendera. Lakini si kila kata inapata umeme, na mahali unapofika unaweza kukatika au kudhoofika. Hali hiyo inabadili namna ya kuchagua.

Umeme ukidhoofika, vantilateri ya kawaida inateseka. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 150, nguvu ya kuzungusha mota inapungua zaidi ya nusu. Mapanga yanazunguka kwa uvivu, mota inanguruma na kupata moto. Ikiwa hivyo, ni vizuri kuizima kuliko kuilazimisha. Tena, umeme ukikatika, mwenye nyumba azime vantilateri na kungoja dakika chache baada ya umeme kurudi, kwa sababu mara nyingi unarudi kwa nguvu isiyo na mpango.

Siku hizi kuna vantilateri zenye mota ya kielektroniki, ambazo karatoni zake huandikwa herufi BLDC. Hizo zinaomba wati 25 hadi 35 tu na kutoa hewa ileile. Nyingi zinavumilia volti zinazopanda na kushuka. Ubaya wake ni mbili: bei yake iko juu, na kadi yake ya kielektroniki ikikufa, si rahisi kupata nyingine. Kwa nyumba inayotegemea SNEL peke yake, ya kawaida yenye mota ya shaba inabaki chaguo la busara, kwa sababu fundi yeyote wa kata anaweza kuitengeneza.

Kwa nyumba inayotegemea jua, hesabu inageuka. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini batri ya risasi haipaswi kunyonywa kupita nusu. Zinabaki 600 za kutumia. Vantilateri ya wati 70, ikipitia konvetiseri ambayo nayo inakula sehemu yake, itamaliza umeme huo ndani ya saa saba hivi. Hiyo ni usiku mmoja, bila taa wala telefone. Vantilateri ya volti 12 iliyofungwa moja kwa moja kwenye mfumo wa jua, ikiomba wati 24, inaweza kuzunguka saa 25, yaani usiku tatu. Basi bei kubwa ya magazini inarudi kwa kutonunua batri ya pili.

Anayetumia konvetiseri ajue pia kwamba zile za bei ya chini zinatoa umeme usio laini, unaofanya mota ya kawaida kunguruma na kupata moto.

Kufunga: hapo ndipo ajali zinapotokea

Vantilateri nzuri iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko mbaya iliyofungwa vizuri. Chombo hicho kinaweza kuwa na kilo nne hadi sita, na kinatikisika kila usiku juu ya kitanda. Nyumba nyingi zina dari ya triplekisi au ya mbao nyepesi. Dari hiyo haibebi kitu. Ndoano inapaswa kushikwa na madriye yenyewe, ama na ubao mnene uliopigiliwa kati ya mihimili miwili, juu ya triplekisi. Misumari haitoshi; inatakiwa bulu yenye nati, na kile kipini kidogo kinachozuia nati isifunguke. Kamba ya chuma ya akiba, iliyofungwa mahali pengine pa muhimili, inaweza kuokoa maisha siku ndoano ikiachilia.

Enteripteri ya ukutani inapaswa kukata ule waya wenye moto, na waya wa ardhi usiachwe ukining'inia. Kuunganisha waya kwa kuzipotoa tu na kuzifunika na plastiki ya mfuko ni kukaribisha moto ndani ya dari ya mbao.

Vantilateri ikitikisika, si lazima iwe mbaya. Mara nyingi panga moja limepinda au limefungwa tofauti na mengine. Fundi anapima kwa fimbo umbali kati ya ncha ya kila panga na dari. Zote zinapaswa kulingana. Mapanga ya seti mbili yasichanganywe. Na vantilateri inayozunguka polepole baada ya miaka kadhaa mara nyingi inaomba kondensateri mpya tu, kipande kidogo cha bei ya chini, wakati mwenye nyumba anafikiri mota imekufa.

Chandarua kibaki mahali pake

Upepo unasumbua mbu kuruka, lakini hauwafukuzi. Vantilateri haichukui nafasi ya chandarua. Vyote viwili vinapaswa kukaa pamoja, na hilo lipangwe kabla ya kutoboa dari. Chandarua cha duara, kinachoning'inia kutoka katikati ya chumba, kinagombania nafasi na mapanga, na kamba yake inaweza kunaswa. Cha pembe nne, kilichofungwa ukutani au kwenye miti minne ya kitanda, kinaacha nafasi juu. Pindo zake ziingizwe chini ya matelasi ili upepo usizifungue.

Kwa kuwa chandarua kinapunguza hewa inayopita, kitanda kiwekwe chini ya vantilateri au karibu nayo. Mapanga yapanguswe vumbi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa.

Kwa mwenye pesa kidogo, basi, mpangilio ni huu: apime chumba na dari, ajue umeme wake unatoka wapi, achague santimetre 120 yenye mota ya shaba na karatasi inayosomeka, aisikilize magazini ikizunguka, aombe fakti yenye garantii, na aweke akiba ya kumlipa fundi anayejua kazi. Ikiwa pesa hazitoshi kwa vyote, apunguze kwenye mapambo, taa na telekomande. Asipunguze kwenye ndoano, wala kwenye chandarua.