Mzigo wa Wengi Begani mwa Mmoja

Katika miji yetu ya Bukavu, Goma na Lubumbashi vijana wengi wana simu mfukoni. Kama simu hiyo ni ya Android, ndani yake mna programu iitwayo Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Pamoja nayo zimo programu nyingine nyingi, kubwa na ndogo. Baadhi yake ziliandikwa na makampuni yenye mali. Lakini nyingine, nazo si chache, ziliandikwa na kutunzwa na watu wasiolipwa hata senti moja. Usiku, wakiisha kurudi kutoka kazini na watoto wakiisha kulala, huketi mbele ya kompyuta na kutengeneza kitu ambacho sisi tutakitumia kesho bila kujua majina yao.

Programu za namna hii huitwa programu huria. Maana yake ni kwamba maandishi yake hayafichwi: kila mtu aweza kuyasoma, kuyatumia, kuyasahihisha na kuwapa wengine. Ni kazi njema, na twawasifu wenye kuifanya. Leo lakini tumeona vema kusema juu ya jambo ambalo watumiaji huwa hawalioni, yaani uchovu wa watu hao. Uchovu wa siku moja huponywa na usingizi. Huu tunaousema humkausha mtu miaka kwa miaka, hata akaichukia kazi aliyoipenda.

Waanzaje? Mtu aandika programu ndogo kwa haja yake mwenyewe, kisha aitoa bure. Watu kumi waitumia, wamshukuru, naye afurahi. Baada ya miaka michache watumiaji ni elfu, halafu ni milioni. Yeye lakini ni mmoja yule yule. Kila asubuhi akuta barua. Huyu ameona kasoro, huyu ataka kitu kipya, yule alalamika kwamba hajajibiwa tangu wiki iliyopita. Wengine humtukana. Na ajabu ni hii: wenye kusema kwa ukali mara nyingi ni wale wasioleta msaada hata wa mstari mmoja.

Tena, msaada wenyewe ni mzigo. Mtu akileta kipande cha programu alichokiandika, sharti mtunzaji akisome chote, akijaribu, aulize maswali, apime kama hakitaharibu kitu kingine. Kazi ya mgeni ya saa moja yaweza kumgharimu mwenyeji jioni nzima. Ndiyo maana haitoshi kusema, "Waje wasaidizi wengi." Wasaidizi wengi wakija kwa mtunzaji mmoja, wanamzidishia foleni mlangoni.

Matunda ya hali hiyo yalionekana mwaka 2014. Kuna programu iitwayo OpenSSL. Kazi yake ni kuficha maneno yanayopita kati ya kompyuta mbili, ili mwizi asisome siri za benki wala barua za watu. Sehemu kubwa ya intaneti iliitegemea. Tarehe 7 Aprili mwaka huo ilitangazwa kwamba ndani yake mna kasoro kubwa, ikapewa jina la Heartbleed. Kasoro hiyo ilikuwa imeletwa na mtu aliyejitolea. Mwenzake mmoja aliikagua, asiione. Ikatolewa kwa watu wote Machi 2012, ikakaa miaka miwili. Walipochunguza, walikuta kwamba katika kikundi hicho mtu aliyeshika kazi hiyo kutwa nzima alikuwa mmoja tu, na kwamba sadaka za watu zilifika kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yamejenga nyumba zao juu ya mgongo wa watu wachache waliochoka. Katika mwezi uo huo Linux Foundation ilikusanya makampuni makubwa, wakaanzisha mfuko wa kuzisaidia programu za namna hiyo. Fedha ni msaada wa kweli, hatukatai. Lakini mtu mmoja anayelipwa mshahara, akiwa bado peke yake, siku akiugua kazi imesimama.

Habari ya xz inatisha zaidi. Hiyo ni programu ya kubana mafaili yapate kuwa madogo, nayo imo katika kompyuta nyingi zenye Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, karibu peke yake, bila malipo. Mwaka 2022 zilimfikia barua za hadharani kutoka kwa watu wasiojulikana, wakimlaumu kwamba anakawia, wakimhimiza amkabidhi mwingine utunzaji. Aliwajibu kwa upole kwamba afya yake imempunguzia nguvu, akawakumbusha kwamba kazi hii haina mshahara.

Wakati huo alikuwapo msaidizi aliyejiita Jia Tan, mtu wa bidii na adabu. Alisahihisha hili na lile, akajibu barua, akapunguza foleni. Nani asiyempenda msaidizi wa namna hiyo? Polepole akapewa haki za mtunzaji. Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi la 5.6.1, na ndani yake alikuwa ameficha mlango wa siri wa kumwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika kompyuta za watu. Wachunguzi wengi waona kwamba barua zile za lawama nazo zilikuwa sehemu ya hila hiyo.

Aliyeugundua ni Andres Freund, fundi wa kampuni ya Microsoft. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta aliyokuwa akiijaribu kumechelewa kama nusu ya sekunde kupita kawaida. Wengine tungalipuuza. Yeye akachimba mpaka akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024 akawatangazia wote. Matoleo yale yalikuwa yamefika hasa katika Linux za majaribio. Kama angalichelewa miezi michache, yangalienea duniani. Jia Tan ni nani? Mpaka leo haijulikani hadharani.

Wako waliomlaumu yule mtunzaji wa Finland. Sisi twasema hapana. Mtu aliyelemewa hawezi kumchunguza anayemnyoshea mkono, aushika tu. Kugawa mzigo nako kwataka nguvu: kumchagua mwenzi, kumfundisha, kumjaribu katika madogo kabla ya kumpa makubwa. Basi yafaa kugawa mapema, siku ambazo mtu bado aweza kucheka na kusema hapana.

Zipo jumuiya zilizojifunza hayo. Katika Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, wana neno ambalo kila jamaa ya kwetu italielewa upesi: programu isiyo na mtunzaji huitwa yatima. Mtunzaji aweza kutangaza bila aibu mojawapo ya mambo matatu: natafuta wa kunisaidia, natafuta wa kuipokea, au, nimekwisha kuiacha. Orodha iko wazi, kila mtu aweza kuisoma na kujitolea kulea. Wakati wa kungoja, liko kundi linaloangalia mayatima hao. Kiongozi wao naye huchaguliwa kila mwaka. Twapenda hasa tangazo lile la kwanza, kwa sababu hutolewa kabla mtu hajaanguka.

Wale wa Kubernetes, programu ya kusimamia kazi za kompyuta nyingi kwa pamoja, wana desturi nyingine. Kila mara kundi linapotayarisha toleo jipya, viongozi wake hufuatwa na wanafunzi waitwao vivuli. Kivuli huona kila anachofanya mkubwa wake, huuliza, hufanya kidogo, na baadaye aweza kuwa kiongozi mwenyewe. Kwa hiyo maarifa hayakai katika kichwa cha mtu mmoja. Nao huyaandika, jambo ambalo mafundi wengi hulichukia kama watoto wachukiavyo dawa.

Na Torvalds mwenyewe? Aprili 2005 alianza programu ya Git, ya kutunza maandishi ya mafundi wengi yasichanganyike. Julai ya mwaka uo huo alimkabidhi Junio Hamano, akarudi kwenye Linux yake. Ni wachache wawezao kuachilia mtoto wa miezi mitatu. Hata hivyo tuseme kweli: Hamano ameishika kwa miaka zaidi ya ishirini, na mzigo ulioondoka begani mwa mmoja ulikaa begani mwa mwingine.

Ninyi wanafunzi mnaojifunza kompyuta, mwaweza kuuliza, "Sisi tutafanya nini?" Msianze kwa kuleta programu ndefu. Anzeni kwa kuijaribu kasoro aliyoitaja mwingine na kuandika wazi inatokea lini na wapi. Sahihisheni maelezo yasiyoeleweka, au yatafsirini kwa Kiswahili. Na mkiandika kuomba jambo, andikeni kama mnavyozungumza na jirani aliyewaazima jembe.

Tumalizie na Python, lugha ya kuandikia programu ambayo wengi wenu mtaifundishwa. Guido van Rossum, Mholanzi, aliitoa mwaka 1991, na kwa miaka mingi neno la mwisho lilikuwa lake katika kila shauri. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya badiliko moja dogo la lugha hiyo, alitangaza kwamba amechoka na anajiuzulu. Hakumtaja mrithi, aliwaachia wenzake watafute njia. Walizungumza kwa miezi kadhaa, wakapiga kura, wakachagua baraza la watu watano, na sheria ya kwamba wasizidi wawili wanaofanya kazi kwa tajiri mmoja. Baraza la kwanza likachaguliwa mwanzoni mwa mwaka 2019, van Rossum akiwa mmoja wa wale watano. Mwaka huo ulipokwisha hakutaka kuchaguliwa tena, akabaki fundi miongoni mwa mafundi. Tangu hapo, kila Oktoba, toleo jipya la Python hutoka.