KOMPYUTA YA JARIDA ILIPOGOMA

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mliuliza kwa nini jarida letu la muhula wa pili wa mwaka 2025 lilichelewa, likatoka siku mbili tu kabla ya mahafali ya Kidato cha Nne. Wengine mlisema kwamba wahariri walilala. Wahariri hawakulala. Kosa lilikuwa langu mimi, mpangaji wa kurasa. Leo nataka kulieleza wazi, si kwa kujitetea, bali kwa sababu nilijifunza jambo ambalo litamfaa kila mmoja wenu atakayeshika kompyuta.

Ofisi ya jarida, kama mjuavyo, ni chumba kidogo nyuma ya maktaba. Dirisha lake linatazama majabali, na mbali kidogo maji ya Ziwa. Humo mna kompyuta moja, na ndani yake mna programu ya usanifu. Kazi yake ni kuchukua maandishi, picha na vichwa vya habari, na kuvipanga katika kurasa tayari kwa kupigwa chapa. Programu yetu ni ya zamani, na sahani tuliyoiwekea imekwisha kupasuka. Kurasa za majarida yote yaliyopita zimo katika kompyuta hiyo, na wakati ule zilikuwamo pia kurasa 24 za jarida jipya, pamoja na majina na picha za wahitimu wote. Faili hizo hazikufunguka kwa programu nyingine yoyote tuliyokuwa nayo. Nakala hatukuwa nazo hata moja.

Mwezi wa Septemba kompyuta ilianza kutuonya kwamba huduma ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kutushauri tuhamie Windows 11. Mwalimu wa kompyuta aliniambia, "Kijana, ngoja kwanza jarida litoke." Mimi sikungoja. Ijumaa moja jioni, nikiwa peke yangu, nilibofya mahali palipoandikwa kukubali, nikaenda kula. Niliporudi kila kitu kilikuwa kipya na kinang'aa. Nikafungua programu ya kurasa. Picha yake ya kukaribisha ikatokea kwa nukta chache, kisha ikatoweka. Nikajaribu tena, ikatoweka tena. Nilijaribu mara kumi na zaidi, kama mtu apigaye hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Jumamosi nilikwenda mjini kwa siri kumwuliza fundi mmoja. Hakuuliza mengi. Alisema niilete mashine, atafuta vyote na "kupiga Windows" upya, kisha ataweka programu mpya zaidi. Bei yake ilikuwa shilingi 40,000. Mfukoni nilikuwa na 15,000. Nikarudi shuleni nikiwa na nia ya kukopa kwa rafiki zangu, mambo yaishe kabla Mwalimu hajajua. Namshukuru Mungu kwamba sikupata mkopo. Ningepata, kazi yote ya miaka ile ingefutwa, tena kwa fedha yangu mwenyewe. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu nikakiri kosa.

Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Faili zi wapi?" Nikamwonyesha. Akaniambia, "Basi, kabla ya kugusa kitu kingine, tuzinakili." Tukazinakili katika flashi mbili. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi sana, na tangu hapo nilianza kulala usingizi.

Kisha alinieleza jambo ambalo nami nitawaeleza, maana bila kulijua mtu hutibu asichokijua.

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa tunaujua mwalo. Mwaloni ndipo mitumbwi inapotia nanga, samaki hupimwa, dagaa huanikwa na mafuta hununuliwa. Hakuna mvuvi ajengaye mwalo wake mwenyewe. Wote huutumia ule ule. Katika kompyuta, mfumo endeshi, kama Windows, ndio mwalo, na programu ndiyo mtumbwi. Programu ikitaka kufungua faili, kuchora mstari kwenye skrini au kupeleka ukurasa kwenye printa, haifanyi peke yake. Huuomba mfumo endeshi uifanyie. Sasa fikirini mwalo ukijengwa upya usiku mmoja. Mvuvi anarudi alfajiri, anakuta kigingi alichozoea kufungia kamba hakipo. Mtumbwi wake haukutoboka. Ni kigingi kilichoondolewa.

Kwa hiyo programu ikigoma baada ya mfumo endeshi kubadilishwa, tusianze kuuliza, "Programu imeharibika wapi?" Tuulize, "Programu ilizoea kuomba kitu gani ambacho sasa haikipati?"

Mwalimu aliandika ubaoni mambo ambayo mara nyingi huwa chanzo, nasi tukayapima moja moja.

La kwanza ni biti. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ina upana wa mita 1, lakini reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli ya zamani, hata likiwa zima kabisa, haliwezi kupita juu ya reli ya kisasa. Vivyo hivyo, programu za biti 16 haziwezi kutembea katika Windows ya biti 64. Kampuni ya Apple nayo ilipotoa macOS Catalina mwezi wa Oktoba 2019, programu zote za biti 32 zilikoma kufunguka humo. Wasanifu wengi duniani waliohama bila kuuliza walijikuta hawana vyombo vyao vya kazi. Programu yetu ni ya biti 32, na Windows 11 huzipokea za namna hiyo. Shaka hiyo tukaiondoa.

La pili ni draiva, yaani programu ndogo inayotafsiri maneno kati ya mfumo endeshi na kifaa kama skrini au printa. Mfumo mpya mara nyingine huacha draiva ya zamani na kuweka nyingine isiyokijua kifaa vizuri. Tuliweka draiva mpya ya skrini. Programu ikatoweka kama kawaida.

La tatu ni fonti, yaani maumbo ya herufi. Fonti moja mbovu yaweza kuiangusha programu nzima inapoanza kuzisoma. Tena kuna fonti zinazopitwa na wakati: kampuni ya Adobe iliacha kuzipokea fonti za namna ya Type 1 katika programu zake mwezi wa Januari 2023. Tuliziondoa fonti zote tulizoongeza sisi, tukaziweka kando. Hakuna mabadiliko.

La nne ni mipangilio ya programu yenyewe. Kila programu huweka mahali kumbukumbu ya mambo unayoyapenda: rangi, vipimo, faili za mwisho. Kumbukumbu hiyo ikiharibika, programu hujikwaa juu yake kila inapoamka. Hatukuifuta, tulibadili tu jina la folda yake ili programu ijitengenezee nyingine. Haikusaidia. Tukaiamuru Windows iichukulie programu yetu kama vile iko katika Windows 7, jambo ambalo Windows inaliruhusu. Hilo nalo halikusaidia.

Labda mtauliza: kwa nini hatukurudi tu katika mfumo wa zamani? Njia hiyo ipo. Windows ikishakuhamisha huuweka mfumo wa zamani kwa siku 10, na ndani ya siku hizo unaweza kurudi. Baada ya hapo huufuta. Nilimwomba Mwalimu turudi siku ile ile. Akasema, "Huo ndio mlango wetu wa dharura. Tukiupita leo, mwezi ujao tutarudi hapa hapa, na ugonjwa hatujaujua." Tukakubaliana kwamba siku ya tisa, kama hatujafaulu, tutarudi. Kuanzia hapo nilizihesabu siku kama mfungwa.

Siku ya nane, Jumamosi, Mwalimu alipendekeza jaribio ambalo ni rahisi kuliko yote, na ambalo nadhani tungelianza nalo. Tulifungua akaunti mpya ya mtumiaji katika kompyuta ile ile, mtumiaji asiye na historia yoyote. Tukaingia kwa jina lake, tukaibofya programu. Ikafunguka!

Nilitaka kupiga kelele, lakini Mwalimu aliinua mkono. "Ngoja. Kompyuta ni ile ile, programu ni ile ile, mfumo ni ule ule. Kilichobadilika ni nini?" Nikajibu, "Mtumiaji, Mwalimu." "Basi ugonjwa umo katika kitu kilicho chako wewe, si cha kompyuta nzima. Una nini ambacho huyu mgeni hana?"

Mipangilio ya programu tulikuwa tumekwisha kuipima. Nikafungua daftari langu, maana Mwalimu alinilazimisha kuandika kila tulichofanya. Katika ukurasa wa siku ya tatu niliona maneno niliyoyanakili kutoka katika kumbukumbu ya matukio ya Windows, mahali ambapo mfumo huandika kila programu inapoanguka na sehemu iliyoangukia. Niliandika: winspool.drv. Siku ile sikuelewa maana yake. Mwalimu alilisoma jina hilo polepole, akacheka. Spuli, alinieleza, ni foleni ya kazi zinazongoja kuchapwa. Programu ilikuwa inaanguka mlangoni kwa printa.

Wote wawili tukatazama chini ya meza. Pale ipo printa yetu ya zamani, ambayo ilikufa mwaka 2022 na tangu hapo kazi yake ni kubebea makamusi. Katika akaunti yangu ilikuwa bado imechaguliwa kuwa printa ya kawaida. Windows 10 ilikuwa na draiva yake, kwa hiyo programu ilipouliza kila asubuhi, "Karatasi yako ina ukubwa gani? Pambizo zako ni kiasi gani?" draiva ilijibu, ingawa mashine yenyewe ilikwisha kufa. Katika mfumo mpya draiva ile haikuhamia. Jina lilibaki, lakini wa kujibu hakuwapo. Programu yetu ya zamani haikufundishwa la kufanya asipopatikana mtu wa kujibu, ikaanguka.

Tukarudi katika akaunti yangu. Tukafungua mipangilio, sehemu ya printa, tukazima kile kinachoiruhusu Windows ijichagulie printa, kisha tukaichagua ile iitwayo Microsoft Print to PDF, ambayo si mashine bali huandika ukurasa katika faili. Programu ikafunguka. Kurasa zote 24 zilikuwa salama. Gharama ya dawa yote haikufika senti moja.

Wasomaji wapenzi, kutokana na hayo nawapeni mashauri machache.

1. Kabla ya kubadili mfumo endeshi, nakili kazi yako mahali pengine, na uliza kama programu unazozitegemea zinaukubali mfumo mpya. Usifanye hivyo kazi kubwa ikiwa imekaribia mwisho.

2. Programu ikigoma, usiifute. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kuifuta ni rahisi, lakini kama huna sahani yake au namba ya leseni yake huenda usiipate tena.

3. Jaribu katika akaunti mpya mapema. Ikifunguka huko, tafuta ugonjwa katika vitu vyako. Ikigoma huko pia, tafuta katika draiva, fonti au programu yenyewe.

4. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribu, kisha andika. Ukibadili vitano pamoja na programu ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya.

5. Soma maneno ya kosa hata kama huyaelewi, na uyaandike. Jibu letu lilikaa daftarini siku tano.

La mwisho ndilo kubwa zaidi. Hata tulipofaulu, Mwalimu aliniambia kwamba programu ile siku moja itakufa kweli, na hakuna mtu atakayeitengeneza. Kwa hiyo tangu mwezi ule kila ukurasa ukikamilika tunauhifadhi pia kama PDF, muundo ambao tangu mwaka 2008 ni kanuni ya kimataifa na husomeka kwa programu nyingi. Maandishi na picha tunaviweka katika folda yake peke yake. Nakala moja imo katika kompyuta, moja iko katika flashi kabatini mwa maktaba, na moja anayo Mwalimu. Vilevile tumeanza kujifunza Scribus, programu ya kupanga kurasa isiyolipiwa, ili tusije tukategemea mtumbwi mmoja tu.

Kwenu wahitimu wa mwaka 2025, nawaombeni radhi kwa siku zile za wasiwasi. Majina yenu yalibakia kidogo tu yapotee, na mkono uliokuwa karibu kuyapoteza ulikuwa wangu. Sasa yamo mahali patatu. Atakayetaka ukurasa wake na aje ofisini nyuma ya maktaba, atapewa.