Kope ya Tatu na Ulinzi wa Jicho la Mnyama

Jicho hulazimika kuwa wazi ili lipokee mwanga, na uwazi huohuo huiacha konea, yaani tabaka angavu lililo mbele ya mboni, ikikabiliwa na vumbi, miiba, makucha na ukavu wa hewa. Wanyama wengi wenye uti wa mgongo wana kinga ya ziada iitwayo kope ya tatu, ambayo ni utando mwembamba unaojificha kwenye kona ya jicho iliyo upande wa pua na kupita juu ya konea, chini ya kope mbili za kawaida.

Kwa ndege, utando huu huvutwa na misuli yake wenyewe, na kwa kuwa unapitisha mwanga, kuku anayedonoa au kozi anayemshukia njiwa kwa kasi huisafisha na kuilowesha konea bila kuingia gizani. Mamba naye huufunga anapozama, ingawa jicho lake haliwezi kulenga sawasawa ndani ya maji, hivyo faida anayoipata humo ni ya kinga zaidi kuliko ya kuona.

Kwa mamalia utaratibu ni tofauti, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu unamhusu kila mfugaji. Kope ya tatu ya ng'ombe, punda, mbwa au paka hushikiliwa na kipande cha gegedu, na kwenye shina lake ipo tezi ambayo kwa mbwa hutoa takriban theluthi moja ya machozi. Mnyama anapohisi hatari, msuli ulio nyuma ya jicho hulivuta jicho ndani ya tundu lake, mafuta yaliyomo yakabanwa, na kope ikasukumwa mbele. Ndiyo maana punda mwenye pepopunda, ugonjwa unaoikaza misuli, huonekana utando ukimfunika sehemu ya jicho, hasa akishtuliwa. Kadhalika paka aliyedhoofika au kupungukiwa maji mwilini huuonyesha hata akiwa macho. Anayeukata kwa kudhani kuwa ni kinyama kilichoota hamponyi mnyama ugonjwa wake, bali humnyang'anya machozi na ngao, na jicho hilo huelekea kukauka na kupata vidonda. Kuiondoa huwa tiba pale tu daktari wa mifugo anapothibitisha haja hiyo, kama ilivyo kwa saratani ya kope ya tatu, ambayo huwapata hasa ng'ombe wenye nyuso nyeupe.

Binadamu amebakiwa na kikunjo kidogo chekundu kwenye kona ya jicho, kisichoweza kufunika chochote. Nyoka hana kope zinazofumba. Jicho lake hukaa daima chini ya gamba angavu, ambalo huvuliwa pamoja na ngozi nzima.

Papa wenyewe hawafanani. Baadhi yao hufunga utando wanapouma windo, ilhali papa mweupe, asiye nao, huyageuza macho yake nyuma. Papa potwe, ambaye huonekana karibu na Kisiwa cha Mafia, hana kope kabisa. Mwaka 2020 watafiti nchini Japani walieleza kwamba uso wa jicho lake, kuzunguka eneo la mboni, umefunikwa na vijimeno vidogo vya ngozi, na kwamba anaweza kulirudisha jicho ndani ya tundu lake.