TUJIJUE ILI TUPATE NGUVU YA KUBADILIKA



Kwa Kiswahili johari ni kito cha thamani. Lakini "Dirisha la Johari" tunalochora ubaoni kwenye semina lilitungwa mwaka wa 1955 na Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harry Ingham, wakaunganisha majina yao, Joe na Harry. Dirisha hili lina vioo vinne. Tuviangalie kimoja kimoja.

Kioo cha kwanza ni mambo ninayoyajua mimi na wenzangu pia. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Migori, au mama muuza omena kule Mbita. Hapo hakuna siri.

Kioo cha pili ni yale wengine wanayaona, mimi siyaoni. Mkulima wa tumbaku anaiangalia siku ya malipo tu. Jirani anaona miti inavyokwisha kwa kukausha majani, watoto wanaofanya kazi shambani, na deni la mbegu na mbolea linalokatwa kabla pesa haijafika mkononi. Tena, kizunguzungu na kutapika baada ya kushika majani yenye umande si malaria kila mara. Huenda ni nikotini iliyopita kwenye ngozi.

Kioo cha tatu ni yale ninayoyajua lakini nayaficha. Kwenye ufuo wa ziwa sote tunalijua neno jaboya: mvuvi anayedai mwili wa mama ndipo amuuzie samaki. Mama ananyamaza kwa sababu watoto wanataka kula. Haya anayabeba peke yake, na aibu anabebeshwa yeye, ilhali mwenye mashua ndiye mwenye nguvu.

Kioo cha nne ni yale hakuna anayeyajua bado. Mtu ambaye hajapimwa virusi vya UKIMWI yuko hapa: yeye hajui, mwenzake hajui. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zilizoathirika zaidi Kenya, kwa hivyo kioo hiki si cha kupuuza. Tangu mwaka wa 2006 dawa zimetolewa bure katika hospitali za serikali. Anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini kioo hiki kina vipawa pia, ambavyo havijajaribiwa.

Mwaka wa 2011, kina mama wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walianza kumiliki mashua zao wenyewe ili wasimtegemee jaboya. Haikuwa rahisi. Mashua nyingine ziliharibika, na mwaka wa 2020 ziwa lilifurika likaingia kijijini. Hata hivyo walionyesha kwamba mama anaweza kuwa mwenye mashua. Hapa Migori nako, mwaka wa 2022 mpango wa mashamba yasiyo na tumbaku ulianza, ukisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, na wakulima wakaingia kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma.

Basi tunajifunza nini? Kujijua peke yake hakutoshi. Mtu aweza kujua njia ni mbaya na bado akaipita kila siku, kwani hana nyingine. Ujasiri unakuja mtu akiwa na njia ya pili na wenzake wa kutembea naye. Kwa hivyo tunashauri:

1. Kikundi kikubaliane kwanza kwamba yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Asilazimishwe mtu yeyote kufungua kioo chake cha tatu.
2. Kila mmoja aandike hesabu ya msimu mmoja: yaliyoingia, yaliyotoka, na siku alizofanya kazi yeye na watoto.
3. Achague hatua moja ndogo na tarehe yake: kupimwa, kupanda robo eka ya maharagwe, au kuweka akiba ya mashua.
4. Mwanakikundi mmoja amsindikize.

Maswali ya kujadiliana:
- Wenzetu wanaona nini kwetu ambacho sisi hatukioni?
- Ni jambo gani tunasema "ndiyo maisha yetu", na kumbe linaweza kubadilika?
- Nani kati yetu anahitaji kusindikizwa wiki hii?

Mungu anatujua vizuri na bado anatupenda. Tusiogope kujitazama.